Gari Linapokiri

Katunguru ni mahali pa kupunguza mwendo. Barabara itokayo Mbarara na Bushenyi huteremka vilima vya Bunyaruguru, hukata mbuga ya Queen Elizabeth, kisha hufika darajani juu ya mfereji wa Kazinga, maji ya kilomita zipatazo 32 yanayounganisha ziwa George na ziwa Edward. Upande wa kusini wa daraja ni wilaya ya Rubirizi, upande wa kaskazini ni Kasese. Huko chini viboko wanapiga chafya, nyati wamelala topeni, na korongo wanasubiri matumbo ya samaki. Lori litokalo Mbarara kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe hupita hapo. Hiace ya abiria nayo hupita hapo, pamoja na kijana wa Subaru anayetaka mlio wa ekzosi yake usikike ng'ambo kabla yeye hajafika.

Mwaloni, mtumbwi hauwi mtumbwi kwa sababu unaelea. Unahitaji leseni na namba, na wavu wake unahitaji macho ya ukubwa unaokubaliwa, ili ngege na semutundu wachanga wapenye waende wakakue. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilikabidhiwa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa ya nchi, na mwenye kukagua hubeba kipimo mkononi. Hulipima jicho la wavu. Moyo wa mvuvi haupimi, maana kipimo chake hakifiki huko. Mvuvi akitaka, anaweza kuwa na wavu wa kuonyesha na wavu wa kuvulia, na mkaguzi akaondoka ameridhika kabisa.

Mchezo wa magari umeishi na swali hilohilo la kipimo na moyo kwa zaidi ya nusu karne, na umelipa jina la Kigiriki: homologesheni. Chini ya kanuni hiyo, gari la mashindano haliruhusiwi kushindana mpaka kiwanda kionyeshe kwamba gari la aina hiyo linatengenezwa na kuuzwa kwa watu wa kawaida, kwa idadi iliyotajwa. Hapo ndipo yalipozaliwa magari ya ajabu: machache, ya bei kali, yenye nguvu asizozihitaji mtu anayekwenda sokoni. Yalitengenezwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kanuni ilitaka yawepo.

Neno lenyewe lina historia kanisani. Kitenzi cha Kigiriki homologeo maana yake ni kusema jambo lilelile, kukubaliana, kukiri. Ndicho alichokitumia Paulo katika sura ya kumi ya Waraka kwa Warumi, anapoeleza habari ya kinywa kinachokiri na moyo unaoamini. Paulo alihitaji vyote viwili. Wakaguzi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, wanaweza kukipata kimoja tu. Wanahesabu magari uwanjani, wanapima injini, wanagonga muhuri. Kinywa kimekiri. Kama moyo wa kiwanda unaamini kwamba gari hilo ni la watu, au ni kisingizio tu cha kupata tiketi ya kuingia uwanjani, hilo halina sehemu yake katika fomu.

Basi je, kukiri kwa namna hiyo ni kukiri?

Afrika Mashariki ina haki ya kulijibu swali hili, kwa sababu rali yake ilizaliwa na kanuni safi kuliko nyingi. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbuga inayoizunguka Katunguru ilianzishwa mwaka mmoja kabla, 1952, ikiitwa Kazinga, na ikabadilishwa jina baada ya malkia huyohuyo kuitembelea mwaka 1954. Kwa hiyo mbuga na rali ni ndugu wa ubatizo mmoja. Katika miaka ya mwanzo magari yalipangwa katika makundi kwa bei yake ya dukani, na yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa. Mtu aliyesimama kando ya barabara alimwona mshindi akipita na kujua kwamba, akijaliwa fedha, anaweza kulinunua gari lile lile.

Na watu walilinunua. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967, pamoja na Chris Rothwell. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404 mwaka 1963, mvua ilipobakiza magari 7 kati ya 84 yaliyoanza, na wakashinda tena 1968, ambapo pia ni magari 7 tu yaliyofika. Peugeot hiyohiyo ndiyo iliyobeba abiria, ndizi na maiti katika nusu ya miji ya eneo hili. Wakati huo hapakuwa na haja ya kukiri chochote. Gari la mashindano na gari la barabarani lilikuwa moja, kama mtu mwenye uso mmoja.

Kisha viwanda vikaja kwa nguvu zote, na vilitaka kushinda kuliko vilivyotaka kuuza. Kanuni nazo zikawa hesabu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 Kundi la 4 lilidai magari 400. Kundi B, lililoanza 1982, lilidai 200 tu. Kundi A lilidai 5000, yakapunguzwa baadaye hadi 2500. Kiwanda cha Opel hakikuficha kitu: gari lake kililiita Ascona 400. Jina la gari ni idadi ya kanuni! Ni kama mtu amwite mwanawe Mahari, kwa kuwa alizaliwa ili deni liishe. Ascona 400 hiyo ndiyo Ari Vatanen aliyoshindia Safari mwaka 1983.

Toyota nayo ilitengeneza Celica Twin-Cam Turbo kwa Kundi B, ikashinda Safari mara tatu mfululizo, Björn Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985, na Waldegård tena 1986. Nissan ilitengeneza 240RS. Mmoja wa walioiendesha alikuwa Shekhar Mehta, na hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu maisha yake yenyewe yana habari ya karatasi na ukweli.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika ukoo wa wenye kiwanda cha sukari cha Lugazi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Siku zile Uganda nzima iligeuka kituo cha ukaguzi. Watu waliozaliwa nchini, waliojua Kiganda na Kiswahili kuliko walivyojua lugha ya babu zao, waliambiwa walete vyeti, na wengi wakakuta cheti kimekataliwa kwa kosa la tarehe au muhuri. Walikuwa wa nchi hiyo kwa kila namna isipokuwa kwa kinywa cha afisa. Mehta akawa Mkenya. Mwaka uliofuata, 1973, akaingia Safari na Datsun 240Z, na alipofika mwisho alikuwa amefungana pointi za adhabu na Msweden Harry Källström, dereva mwenzake wa Datsun. Kanuni ikatafutwa: kati ya wawili waliofungana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ushindi ukawa wake. Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet, na baadaye akaja kuiongoza kamisheni ya rali ya FIA, ofisi inayosimamia kanuni hizohizo. Alifariki 2006. Ni vigumu kumpata mtu mwingine aliyekataliwa kwa herufi ya sheria, akatawazwa kwa herufi ya sheria, kisha akapewa kalamu ya kuiandika.

Wenzake wa viwandani hawakuwa wote na heshima hiyo kwa herufi. Mwaka 1969 Porsche ilihitaji magari 25 ya aina ya 917. Wakaguzi walipokuja Machi walikuta machache yamekamilika na mengine yangali vipande, wakagoma. Mwezi wa nne yalikuwapo 25, yamepangwa mstari mmoja uwanjani Zuffenhausen, na Ferdinand Piëch akawakaribisha wakaguzi waendeshe lolote wapendalo. Hawakuendesha. Inasimuliwa kwamba makarani na makatibu wa ofisi walishikishwa spana ili idadi itimie, na kwamba baadhi ya magari yale yangeweza kusogea mita chache tu. Sala ya kujionyesha, ungesema, lakini rakaa zote zilitimia.

Ferrari haikufika hata huko. Gari lake la 1962, 250 GTO, linabeba kukiri katika jina: herufi ya mwisho ni ya omologato, yaani lililoidhinishwa. Kanuni ilitaka magari 100. Yalitengenezwa 36. Kiwanda kilieleza kwamba si gari jipya, ni 250 GT ya zamani iliyobadilishwa nguo, na maelezo yakapokelewa. Leo 250 GTO ni miongoni mwa magari ghali kuliko yote duniani, na sababu mojawapo ya bei hiyo ni kwamba ahadi yake haikutimizwa.

Toyota ikatoa kichekesho kikubwa zaidi mwaka 1998. Gari lake la Le Mans, GT-One, lilipaswa kuwa na mahali pa kuweka sanduku la safari, kwa kuwa gari la barabarani lazima libebe mzigo wa mwenyewe. Halikuwa na mahali hapo. Wahandisi wakasema tangi la mafuta, likiwa tupu, sanduku linaweza kuenea ndani yake. Wasimamizi wakakubali. Magari ya barabarani yaliyotengenezwa ni mawili.

Kwa msomaji aliyekaa madrasa, jambo hili lina jina lake tangu zamani, na jina hilo liko katika Kiswahili: hila. Mafakihi waliandika vitabu vizima vya hila, vya jinsi ya kutimiza herufi ya sheria na kulikwepa kusudi lake. Mtu anataka kukopesha kwa riba, na riba ni haramu; basi anauza farasi kwa mkopo kwa 120, kisha anamnunua farasi yuleyule papo hapo kwa 100 taslimu. Farasi hakutoka zizini. Imamu Bukhari ana mlango maalumu juu ya hila katika mkusanyo wake, na anaufungua kwa hadithi ya nia, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua. Ibn al-Qayyim wa Damascus aliandika kurasa nyingi kuwashambulia wenye kufanya biashara za namna hiyo. Kwake yeye, mwenye hila anamtendea Mungu kama mtu anayemdanganya mtoto.

Lakini Imamu Shafii alisimama mahali pengine, na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki na wa Uganda wanamfuata yeye. Shafii hakuisifu hila. Alichosema ni kwamba kadhi anahukumu mkataba kwa sura yake ya nje: umesemwa nini, kimetolewa nini, kimepokewa nini. Yaliyomo kifuani ni ya Mungu, na mtu atakwenda kuulizwa huko. Kadhi akianza kufungua vifua vya watu sokoni, hapatakuwa na soko, na hapatakuwa na mtu salama. Mkaguzi wa FIA ni Mshafii bila kujua. Na askari wa ziwani mwenye kipimo mkononi, ni heri na yeye abaki Mshafii, kwa kuwa askari anayehukumu nia ni msiba mkubwa kuliko nyavu mbovu.

Kisa kinachowahusu wavuvi zaidi kiko katika Qurani, Sura ya Al-Aaraf: watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, walioamriwa wasivue siku ya Sabato. Siku hiyo samaki wakawa wanakuja juu ya maji waziwazi, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza walivyofanya: nyavu zilitegwa Ijumaa, samaki wakanasa Jumamosi, watu wakawatoa Jumapili. Hakuna aliyevua Jumamosi. Adhabu yao ilikuwa kugeuzwa nyani. Kasese ina Wasabato wengi, na kisa hiki kikisimuliwa kando ya mfereji wa Kazinga hakihitaji kuelezwa sana. Kila mtu pale anajua jinsi wavu unavyofanya kazi mwenyewe amelala.

Ingekuwa rahisi kusimama hapo na kuvihukumu viwanda vyote kuwa nyani. Ila Qurani hiyohiyo ina kisa cha Ayubu. Katika ugonjwa wake alikula kiapo, na wafasiri wengi wanasema kilikuwa kiapo cha kumpiga mkewe viboko 100. Alipopona hakutaka kumdhuru mwanamke aliyemuuguza, wala hakutaka kuvunja kiapo. Mungu akamfundisha: shika kicha cha majani, piga nacho. Mashina 100, pigo moja, hakuna aliyeumia. Hiyo nayo ni hila, tena imetoka juu. Mayahudi wana mfano wao, wa Hillel, mwalimu aliyeishi karibu na wakati wa Yesu. Torati ilifuta madeni kila mwaka wa saba, na matajiri wakaacha kuwakopesha maskini mwaka huo ukikaribia. Hillel akatunga hati ya kukabidhi deni kwa mahakama, ili lisifutwe. Herufi ikapindwa ili maskini apate mkopo.

Kwa hiyo kukunja kona ya sheria hakutoshi kumhukumu mtu. Inabidi iulizwe hila ile ilimfunika nani. Ya Ayubu ilimfunika mke asipigwe. Ya Hillel ilimfunika mwenye njaa. Ya watu wa Sabato ilifunika matumbo yao wenyewe. Na farasi wa riba anamfunika mkopeshaji.

Sheria ya homologesheni ilimlinda nani? Ilimlinda mtu wa kando ya barabara. Ilimwahidi kwamba kile anachokishangilia kina udugu na kile anachoweza kukinunua. Ukiipima kwa mizani hiyo, safu ya wakosaji inabadilika. Opel, iliyotangaza kisingizio chake katika jina la gari, inatoka salama: palikuwa na magari ya kununuliwa. Kwamba Opel haikuyapenda magari hayo yenyewe, hilo ni la moyo wa Opel. GT-One haimfikii mtu yeyote. Sanduku ndani ya tangi ni wavu wa Ijumaa.

Na kuna daraja la chini zaidi ya hilo. Mwaka 1995, katika rali ya Catalunya huko Uhispania, wakaguzi waliifungua Celica ya Toyota na kukuta kitu ambacho rais wa FIA wa wakati huo, Max Mosley, alikiri kuwa ni cha ustadi usio wa kawaida. Kanuni iliweka kizibo chenye tundu la kipimo maalumu katika njia ya hewa iendayo kwenye tabo, ili injini isivute hewa kupita kiasi. Kizibo cha Toyota kilikuwa na tundu halali. Kikifungwa mahali pake, kilisogea milimita 5 na kuacha mwanya, hewa ya ziada ikapita pembeni. Fundi akikifungua ili kikaguliwe, kilirudi chenyewe mahali pa halali. Timu ilifungiwa hadi mwisho wa 1996. Hapa hakuna la kujadili na Shafii wala na Hillel. Hiki ni chuma kinachosema neno moja mbele ya mkaguzi na jingine kikiwa na wenzake, na Kiswahili kina jina la kiumbe wa namna hiyo: mnafiki.

Lakini Celica hiyohiyo ina upande mwingine. Ili kuliingiza lile gari la rali mashindanoni, Toyota ilipaswa kuuza 2500 za barabarani, na nyingi zilibaki Japani, mikononi mwa watu wa kawaida wasiojua lolote la kizibo. Ndani yake mlikuwamo vitu vya ajabu. Kuna mabomba ya mfumo wa kuifanya tabo iendelee kuzunguka dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Mabomba yamefungwa yote, lakini mfumo haujawashwa, maana ungeitafuna injini ya mtu anayepeleka watoto shule. Kuna kinyunyizio cha maji cha kupoza intakula. Fundi asiyejua historia akifungua boneti, anakuta bomba la chuma kizuri, limekunjwa kwa ustadi, limefungwa kwa skrubu zote, na halina kazi. Anaweza kudhani limesahauliwa na mtu. Kumbe bomba hilo ndilo sababu ya gari zima kuwepo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 juu ya misingi ya maadili, anamzungumzia mwenye duka anayewauzia wote kwa bei moja, hata mtoto, kwa sababu ni biashara nzuri kuaminika. Kant anakubali kwamba wateja wanatendewa haki. Anachokataa ni kulipa tendo hilo thamani ya maadili, kwa vile halikutoka katika wajibu. Mama wa Katunguru aliyemtuma mtoto dukani kununua sukari angemsikiliza Kant kwa adabu, kisha angeihesabu chenji.

Mwenye jibu la ndani zaidi ni Imamu Ghazali. Baba yake alikufa maskini, akawaacha Muhammad na mdogo wake Ahmad kwa rafiki yake Msufi. Urithi mdogo ulipokwisha, yule rafiki akawashauri vijana waingie madrasa, kwa kuwa huko wanafunzi walipewa chakula. Wakaingia kwa ajili ya chakula. Baadaye Ghazali, akiwa mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa zama zake, alieleza kwamba wao waliitafuta elimu kwa jambo jingine lisilo Mungu, na elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine. Nia ilikuwa mkate. Kitu kilichoguswa kwa nia hiyo kilikuwa kikubwa kuliko nia.

Ndivyo ilivyokwenda kwa Lancer Evolution. Mwaka 1992 Mitsubishi ilipanga kutengeneza 2500, idadi ya kanuni tu, ili iingie rali na gari lenye nguvu. Ziliisha upesi hata kiwanda kikalazimika kuongeza nyingine. Hakuna aliyekuwa ameomba gari la namna hiyo, kisha ghafla kila kijana akalitaka. Ukoo huo uliendelea hadi toleo la kumi, ukakoma mwaka 2016. Tommi Mäkinen alishinda nalo Safari ya 1996 na ubingwa wa dunia mara nne, 1996 hadi 1999. Yalipochakaa mikononi mwa Wajapani, yakapanda meli za magari yaliyotumika, yakashuka Mombasa, yakafika Kampala na Mbarara. Gari lililotengenezwa ili lihesabiwe na mkaguzi mmoja likawa gari la harusi, la kukimbizia mgonjwa, na la kushindania rali za nyumbani, kwa mikono ya madereva ambao kiwanda hakikuwahi kuwafikiria. Impreza za Subaru zilipita njia hiyohiyo, na ndizo zinazosikika darajani Katunguru usiku.

Hapo kukiri kwa kinywa kulipata moyo, na moyo huo ulikuwa wa mnunuzi. Hilo Paulo hakulitaja, na pengine hakulifikiria: kwamba neno likishasemwa hadharani na kuwa chuma, mtu mwingine anaweza kuliamini kwa niaba ya aliyelisema.

Njia hiyo imefungwa sasa. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15, kwa hiyo Celica za 1994 na Evolution za mwanzo haziwezi tena kuvuka Malaba au Busia. Zilizomo ndizo zilizomo. Mafundi wanazitunza kwa spea za kuokoteza. Na katika rali za dunia, magari ya daraja la juu tangu 2022 yanajengwa juu ya fremu ya mabomba na kuvikwa ganda linalofanana na gari la dukani. Kwa daraja hilo udugu wa zamani umebaki kuwa wa sura.

Kuna gari moja la mwisho katika ukoo huu. Toyota ilitengeneza GR Yaris kwa ajili ya kanuni za zamani, ili iwe msingi wa gari la rali la msimu wa 2021. Ugonjwa wa korona ukaja, mradi wa gari hilo la rali ukafutwa mwaka 2020, na Sébastien Ogier akaishinda Safari ya 2021 kule Naivasha akiwa na Yaris ya zamani. Gari la dukani lilikuwa limeshatoka tayari. Lilikiri kwa ajili ya shindano ambalo halikufika, na watu wakalinunua hivyohivyo, kwa maelfu. Januari 2024 toleo lake la Rally2, lililojengwa juu ya lile la dukani, lilipata idhini ya FIA, na mwezi huohuo likaanza kushindana Monte Carlo.